Kabla ya Kununua Fimbo, Uliza Upepo wa Msangamkuu

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliyeko Dodoma aliniandikia akitaka nimtajie fimbo ya kununua, kwa kuwa amepata likizo ya mwezi Julai na anatamani kuja Mtwara kuvua kolekole kwa ndoana ya manyoya. Fedha ameshaziweka, ruhusa kazini ameshaipata, na tarehe ameshazichagua. Nilipousoma ujumbe wake nilijikuta nimeshika sikio langu la kulia, ambalo lina kovu dogo hadi leo, kwa sababu miaka minne iliyopita mimi nami nilianza na tarehe, nikaja kukutana na upepo baadaye.

Uvuvi huu nilifundishwa Mikindani na mgeni aliyekaa jirani nasi kwa miezi miwili. Katika mshipi wa kawaida tuliokulia nao, uzito uko kwenye chubwi, kile kipande cha risasi kinachofungwa mshipini, na chubwi ndiyo inayouvuta mshipi kwenda mbali. Katika uvuvi wa ndoana ya manyoya chambo hakina uzito wa kutajika, hivyo uzito umo ndani ya mshipi wenyewe, ambao ni mnene, na mvuvi huupeleka nyuma kisha mbele juu ya kichwa chake mpaka ujinyooshe na kutua taratibu. Kitu kirefu kinachopaa hewani namna hiyo ni mateka wa upepo, na hapa kwetu upepo una kalenda yake.

Julai ile nilipewa wageni watatu na hoteli moja ambayo sitaitaja, tukavuka kwa kivuko hadi Msangamkuu, rasi iliyo ng'ambo ya mji wa Mtwara, tukatembea mpaka upande wa bahari kuu. Kusi, upepo utokao kusini, lilikuwa limeshika. Mtu akisimama pale akielekea mawio, kusi humpiga ubavu wa kulia, na kama anarusha kwa mkono wa kulia, mshipi wote husukumwa kuelekea kichwani mwake. Niliyajua hayo kwa maneno tu. Wageni walipoanza kusitasita nilitaka kuwaonyesha kuwa mwalimu wao haogopi upepo, na ndoana ikaniingia sikioni. Kwa kuwa sikuwa nimeibana ile ncha ndogo ya ndani inayoizuia ndoana isichomoke, ilibidi nirudi ng'ambo hadi zahanati ili ikatwe. Mzee aliyekuwa akishona wavu kando ya kivuko aliniangalia, akasema kwa upole kabisa, "Mjukuu wangu, wewe hukuja kuvua, umekuja kupunga upepo." Upole ule uliniuma kuliko ndoana. Hoteli haikunipa wageni tena, wala haikunieleza sababu, na hata sasa nikipita mbele ya lango lake natazama upande wa pili wa barabara.

Tangu hapo nilianza kuandika kwenye daftari upepo na maji ya kila siku niliyokwenda pwani. Kusi huvuma tangu kati ya Aprili na Mei hadi Septemba, na huzidi nguvu mchana. Kaskazi huja kati ya Novemba na Machi, nalo humpiga mtu yule yule kutoka kushoto, jambo ambalo kwa mrushaji wa mkono wa kulia ni nafuu kubwa. Lakini hicho ndicho pia kipindi cha mvua zetu, na anayekwenda Msimbati, kusini karibu na mdomo wa Mto Ruvuma, wakati mto huo umejaa atakuta maji yamechafuka kwa udongo. Maleleji, ule muda mfupi ambapo kusi limechoka na kaskazi halijafika, ndiyo tunu ya mvuvi huyu. Kwangu mimi Oktoba haina mfano.

Kuhusu maji, wengi husikia kwamba bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, ni zuri, wakaishia hapo. Uzuri wake uko kwenye saa. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya pwani yetu hupwa kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi, kisha huanza kurudi jua likiwa utosini, na kadiri yanavyopanda jua nalo huhamia nyuma ya mgongo wa mtu anayeitazama bahari. Hapo ndipo samaki anaonekana. Uwanda wa mchanga na majani ya bahari uliokuwa umeachwa ukichomwa na jua hupata maji mapya yenye hewa, na kolekole huingia nayo wakifukuza dagaa katika kina cha magoti. Oktoba iliyopita, siku ya pili baada ya mwezi mpevu, nilisimama hivyo saa nane mchana, bahari ikiwa imelala kama mkeka, nikampata kolekole aliyenivutia mshipi mpaka vidole vikachubuka. Nilimrudisha majini. Yule mzee alikuwepo, na safari hii hakusema kitu. Alitikisa kichwa tu, nami nikalala usingizi mzuri.

Vifaa, basi. Nunua mshipi uliotengenezwa kwa ajili ya joto, kwa sababu ule wa maji ya baridi hulegea na kunata kwenye jua letu. Bana ile ncha ya ndoana. Suuza kila kitu kwa maji yasiyo na chumvi ukirudi. Buruza miguu unapotembea majini ili samaki aitwaye taa, aliyejifukia mchangani, asikuchome kwa mwiba wake. Msimbati imo ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000, kwa hiyo omba kibali na ulipe ada. Vijana wengi huja na fimbo ya bei kubwa, wasimsalimie hata mvuvi mmoja ufukweni wala kumuuliza upepo umelalaje, kisha wakasema Mtwara haina samaki. Narudia, bana ile ncha.

Nilimshauri ndugu yangu wa Dodoma aisogeze likizo yake. Akajibu kwamba mkuu wake wa kazi hakubali. Basi nikamwandikia hivi: njoo Julai hiyo hiyo, lakini chagua siku za maji mafu, yale yasiyojaa wala kupwa sana, mwezi ukiwa nusu, kwa kuwa siku hizo maji hujaa tangu alfajiri hadi saa nne au saa tano asubuhi, kabla kusi halijachachamaa. Uache upande wa bahari kuu, usimame upande wa ghuba na kuyapa mawio mgongo, na saa nne ikifika ukunje mshipi wako. Fimbo ni namba 9, ya kurushia mshipi wa uzito wa namba hiyo hiyo.