Kuwatembeza Watoto Katika Mawe ya Avebury: Maswali Yenu

Tunaishi London na tunataka kuwapeleka watoto wetu wa miaka 6 na 9 Stonehenge. Mnashaurije?

Kwa umri huo ningeanza na Avebury, duara kubwa la mawe ya kale kama Stonehenge, katika jimbo lilelile la Wiltshire. Kule Stonehenge mgeni wa kawaida huyatazama mawe kutoka kwenye njia iliyotengwa, ilhali Avebury mtoto anaruhusiwa kuyashika, kuyazunguka na kuyaegemea, tena bila kiingilio, ingawa maegesho ya gari hulipiwa. Karibu na lango la kusini lipo jiwe kubwa lenye kishubaka mithili ya kiti. Mkalishe mwanao hapo, aone miguu yake inavyoning'inia.

Nitawaeleza nini kuhusu waliolijenga?

Waambie kwamba walikuwa wakulima na wafugaji walioishi zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, wasio na chuma, na kwamba handaki linalolizunguka duara walilichimba kwa pembe za kulungu hadi kina cha mita 9 hivi, sawa na nyumba ya ghorofa tatu. Sehemu kubwa imejaa udongo sasa, kwa hiyo wanachokiona ni kipande tu cha kazi ile. Wakiuliza ibada gani ilifanyika, msiwatungie hadithi; wajenzi hawakuacha maandishi, na mtoto anastahili kuambiwa hivyo.

Mume wangu anahofia kwamba kwenda mahali pa matambiko ni kushiriki matambiko.

Hofu yake naiheshimu. Kutazama kazi ya watu wa kale si kuwaabudu miungu wao. Hata hivyo, wapo wanaofanya ibada zao hapo hadi leo, hasa siku ya mchana mrefu kuliko zote mwezi Juni na ya mchana mfupi kuliko zote mwezi Desemba, hivyo chagueni siku nyingine.

Je, ni salama?

Ndiyo, ila barabara ya magari inapita katikati ya duara, kwa hiyo washikeni mikono. Vaeni viatu vya matope. Kondoo hulishwa humo.

Kisa gani kitamvutia kijana wa miaka 12?

Kisa cha kinyozi. Katika Zama za Kati wanakijiji waliyaangusha na kuyafukia baadhi ya mawe, na mwaka 1938 wachimbaji wa mwanaakiolojia Alexander Keiller walikuta chini ya jiwe mojawapo mifupa ya mwanamume, pamoja na mkasi, uliofanya adhaniwe kinyozi, na sarafu za karne ya 14. Iliaminika kwamba jiwe lilimponda, ingawa uchunguzi wa baadaye wa mifupa umeitia shaka dhana hiyo. Jiwe lenyewe limesimamishwa tena, upande wa kusini-magharibi.