Ukipanda basi la Iringa, chunga sikio

Kama gari huwa linakuchafua roho na unatoka Dodoma kwenda Iringa, kata tiketi mapema upate siti ya mbele. Nyuma ya tairi basi hurusha na kuyumba zaidi. Huko mimi sikai hata kwa nusu nauli.

Hadi Mtera hakuna neno. Ukishavuka bwawa na kuipita Migoli, unakuja mlima Nyang'oro, na hapo ndipo abiria wanaanza kuulizana nani ana limao. Wengi husingizia chipsi au harufu ya dizeli. Harufu huchangia kweli, ila shughuli yenyewe iko ndani ya sikio.

Kila sikio lina mifereji mitatu midogo iliyopinda nusu duara, imejaa majimaji, kila mmoja na uelekeo wake. Kichwa kikigeuka, mfereji unageuka nacho lakini majimaji yanabaki nyuma kidogo, kama chai kwenye kikombe ulichokizungusha ghafla. Kubaki huko kunapinda vinyweleo vya seli, na ubongo unaarifiwa kwamba tunageuka. Pembeni kuna vifuko viwili vyenye punje za kalsiamu kaboneti juu ya utando laini. Punje hizo ni nzito, zinavutwa na dunia. Ukiinama au dereva akikanyaga breki, zinasogea. Ndiyo maana hata gizani unajua chini ni wapi.

Sasa wewe kwenye kona umeinamia simu. Macho yanasema tumetulia, sikio linasema tunazunguka, na tumbo ndilo linalolipa. Dereva hasumbuki kwa sababu anaiona kona kabla haijafika. Basi mwige: tazama mbali mbele, egemeza kichwa kisicheze. Ukizidiwa, laza siti ufumbe macho.

Vidonge humezwa kabla ya safari, si mlimani, na vingi huleta usingizi. Mwambie mfamasia kama utaendesha pikipiki ukishuka. Ukwaju wa soko la Majengo nabeba, ingawa sidhani kama unafika sikioni. Mfuko pia beba. Makonda siku hizi hawana rambo za kugawa tangu zilipopigwa marufuku 2019.

Ila kama chumba kinazunguka ukijigeuza tu kitandani, hiyo si habari ya basi. Mara nyingi punje zimechomoka zikaingia kwenye mfereji. Muone daktari wa masikio, pua na koo. Kuna namna ya kukugeuza kichwa hatua kwa hatua zikarudi mahali pake, bila hata kidonge.