Kwa mnaoanza kazi ya kuhoji watu kuhusu utoto wao

Nyie mnaoanza kazi hii, iwe utafiti au ushauri nasaha, kuna kitu bora mkijue mapema. Mtu akikusimulia tukio la alipokuwa na mwaka mmoja na nusu, tena analia kabisa, usikimbilie kusema anadanganya na usikimbilie kuandika kwamba lilitokea. Hadanganyi, anakumbuka kweli, ila huenda anachokumbuka ni stori za mama yake zimechanganyika na picha ya ukutani na miaka mingi ya kuirudia ile stori kichwani.

Watu wengi kumbukumbu yao ya kwanza kabisa ni ya miaka mitatu au mitatu na nusu hivi. Lakini kuna utafiti ulitoka 2018, watu 6,641 waliulizwa, karibu 4 kati ya 10 wakataja jambo la walipokuwa na miaka miwili au chini ya hapo. Kwahiyo mtakutana nao sana tu.

Shida iko hivi, ubongo hautunzi tukio kama video, kila ukikumbuka unalijenga upya na vipande vilivyopo, na kinachopotea haraka ni chanzo, yaani hili niliona mwenyewe au niliambiwa? Jean Piaget, yule mtaalamu wa saikolojia ya watoto, alikua akiamini kwamba akiwa na miaka miwili kuna mtu alijaribu kumteka huko Paris, yaya akapambana naye mpaka akakwaruzwa usoni. Alikuwa anaiona sura ya yaya na hata rungu jeupe la polisi. Alipofikisha kama miaka 15 yaya akaandika barua kwa wazazi kukiri kwamba alitunga yote, na saa aliyozawadiwa akairudisha! Sasa fikiria huyo ni Piaget, sembuse sisi.

Ndio maana mimi sijali sana mtu ana uhakika kiasi gani au anataja rangi ya nguo. Maelezo mengi hayathibitishi chochote. Nauliza taratibu, hii ulianza kuikumbuka lini, nani huwa anaisimulia nyumbani, kuna picha yake? Kuna dada mmoja alinisimulia vizuri sana alivyoanguka kwenye ngazi, nikamuuliza unaona nini mbele yako, akasema "najiona mimi nimelala chini na gauni langu". Kujiona kwa nje hivyo peke yake sio ushahidi kwamba ni feki, kumbukumbu za kweli za zamani nazo huwa hivyo, ila tulipoendelea ikaja kujulikana gauni lipo kwenye albamu na stori ni ya shangazi.

Upande wa kwako wewe mhojaji ndio hatari zaidi. Watafiti Loftus na Pickrell mwaka 1995 waliwapa watu 24 stori za utotoni, tatu za kweli na moja ya kutunga ya kupotea kwenye jengo la maduka, na 6 wakaishia kuikumbuka ya kutunga, yote au sehemu. Mwaka 2002 wengine wakatumia picha iliyochezewa ikimwonyesha mtu akiwa mtoto ndani ya puto la hewa moto, baada ya mahojiano matatu nusu ya watu 20 wakawa na "kumbukumbu" ya safari ambayo haikuwahi kuwepo. Kwahiyo ukirudia swali lilelile kila wiki na kumwambia jaribu kuvuta picha, unampandikizia. Muulize "nini kilitokea" halafu nyamaza, ule ukimya unaboa mwanzoni ila vumilia, na kama ni mtoto mdogo ndio usimuulize "alikupiga eh?" kabisa.

Halafu msije mkageuka wale wa kukataa kila kitu. Wengi kwenye hizo tafiti hawakudanganyika, na mtafiti Pezdek na wenzake 1997 walipojaribu kuwapandikizia watu 20 kumbukumbu ya jambo lisiloelekea kuwa la kweli, yaani kuwekewa dawa kwa njia ya haja kubwa utotoni, hakuna hata mmoja aliyelikumbuka. Mtu akikuambia aliumizwa huwezi kumjibu kwa utafiti wa puto, msikilize, andika maneno yake kama alivyoyasema, na pembeni andika kila chanzo alichotaja, na kwenye daftari weka pia swali ulilouliza wewe kabla hajajibu, sio jibu lake peke yake.