Usiandike "shoti": kwa wadogo zangu mnaoanza kukagua magari yaliyoungua

Mwaka wangu wa kwanza katika kazi ya kukadiria hasara za bima niliandika ripoti tisa za magari yaliyoungua, na saba kati ya hizo zilikuwa na chanzo kimoja: "shoti ya umeme". Mkuu wangu wakati huo alikuwa mzee mmoja aliyewahi kuwa fundi umeme wa mabasi. Alizirudisha zote saba mezani kwangu bila neno. Kesho yake akaniuliza, "Shoti ya waya upi?" Nikababaika. Akasema, "Basi hujaandika chanzo, mwanangu. Umeandika kwamba gari liliungua, na hilo mwenye gari alishatuambia bure."

Ni miaka kumi na miwili sasa, na bado nikiona neno hilo peke yake kwenye ripoti naona aibu, hata kama si yangu.

Nina jambo moja la kuwaambia, mengine ni matawi yake. Ripoti yako ya gari moja karibu haiwezi kuthibitisha ubovu wa kiwandani. Kinachothibitisha ni ripoti nyingi zikilazwa ubavu kwa ubavu, na zitalazika hivyo ikiwa tu kila mmoja wenu ameandika yale mambo madogo yanayochosha. Andika kana kwamba anayekusoma ni mgeni, yuko mbali, na ana nyingine mia tano mezani.

Dogo la kwanza: injini ilikuwa inafanya kazi au gari lilikuwa limezimwa? Na hapa lugha yetu ina mtego wake. Siku moja kule Tabata nilimuuliza mzee mwenye gari, baada ya shikamoo na pole, "Mzee, gari lilikuwa linawaka?" Akanitazama kutoka juu hadi chini, akageukia lile gofu jeusi, akanitazama tena. "Wewe unaonaje?" Tangu siku hiyo nauliza: ufunguo ulikuwa wapi? Limeegeshwa tangu saa ngapi? Boneti ukiigusa ingekuwa ya moto au imepoa?

Ukitaka kujua uzito wa swali hilo, soma kisa cha suichi ya Ford. Katika miaka ya 1990 huko Marekani, baadhi ya magari yao yalikuwa yanawaka moto yakiwa yameegeshwa, yamezimwa, wenyewe wamelala, na mengine yakaondoka na gereji na nyumba. Ukilichukua moja moja, kila tukio lina maelezo yake rahisi: hujuma, panya, sigara, na bila shaka "shoti". Mkosaji alikuwa suichi ndogo ya kushikika kwa vidole viwili, iliyofungwa kwenye mfumo wa breki. Kazi yake ilikuwa kukata kruzi kontroli, ule mtambo unaoshikilia mwendo bila dereva kukanyaga mafuta, pale breki inapokanyagwa kwa nguvu. Upande wake mmoja una mafuta ya breki, upande wa pili una umeme, na katikati kuna utando mwembamba wa Kapton, aina ya plastiki. Utando ulichoka, ukapasuka, mafuta ya breki yakapenya upande wa umeme, kukaanza kutu, kutu ikaleta joto, joto likaleta moto. Na kwa kuwa suichi ile ilikuwa inapata umeme wa betri saa 24, hata ufunguo ukiwa umening'inia ukutani jikoni, moto haukuhitaji dereva.

Sasa angalia tarehe. Wito wa kwanza wa kurejesha magari, rikoli kama tunavyosema kazini, ulitoka Mei 1999 na ulihusu magari kama 279,000 ya miaka ya 1992 na 1993. Septemba 2005 wakaongeza pikapu na magari makubwa milioni 3.8. Oktoba 2009 wakaongeza mengine milioni 4.5, na jumla ikapita milioni 14. Miaka kumi kufuatilia suichi moja! Kila mara kulikuwa na hoja kwamba modeli hii ni tofauti na ile, na kila mara waliokuwa na hoja ya kinyume walikuwa ni watu wenye karatasi zilizoandika: limeegeshwa, limezimwa, moto umeanzia upande wa dereva karibu na masta ya breki, ile pampu kuu ya mafuta ya breki. Na kwa mengi ya magari hayo dawa ilikuwa kipande cha waya chenye fyuzi, kitu cha kukaa kiganjani.

Tuje kwenye chuma chenyewe. Wengi mnaanza pale palipoungua vibaya zaidi mkidhani ndipo moto ulipozaliwa. Hapana. Palipoungua zaidi ndipo palipokuwa na chakula kingi: tairi, viti, plastiki za dashibodi, tenki. Angalia kioo cha mbele kabla hakijaondolewa. Moto ulioanzia kwenye injini huingia ndani kupitia matundu ya ukuta wa moto, lile bati linalotenga injini na abiria, na kukishambulia kioo kutokea chini. Ulioanzia ndani hupanda kwenye dari, na kioo huanza kuachia juu. Si sheria ya Musa, lakini imeniokoa mara nyingi kuliko kifaa chochote nilichowahi kununua.

Aluminiamu iliyoyeyuka isikupagawishe, huyeyuka kwenye nyuzi 660 tu na moto wowote wa gari unafika huko. Shaba inataka nyuzi 1,085. Ukikuta waya wa shaba una kishanga cha duara nchani, na kando yake kidogo tu shaba ni nzima, hapo huenda umeme ulicheza. Lakini ngoja. Kishanga kinakwambia waya ulikuwa na umeme wakati ganda lake lilipoondoka. Hakikwambii kama ganda liliondolewa na shoti iliyoleta moto, au na moto uliokuja kutoka kwingine na kuikuta betri bado imefungwa. Aluminiamu iliyoyeyuka ikidondokea shaba nayo huila kwa joto dogo kuliko hilo, ukadhani ni shoti. Kwa hiyo chora nyaya zote, onyesha kishanga kiko umbali gani kutoka kwenye betri, na andika waya ule unalindwa na fyuzi ipi. Ule mnene unaokwenda kwenye staata mara nyingi haulindwi na fyuzi yoyote. Ukichubuka, unakula tu.

Jambo jingine linalowashangaza wageni ni petroli. Petroli hushika cheche kwa wepesi wa ajabu, lakini ikidondokea tu juu ya eksozi ya moto mara nyingi haiwaki, inageuka mvuke na kupeperuka. Oili ya injini, ya gia boksi, ya stering na mafuta ya breki ndizo zinazong'ang'ania juu ya chuma cha moto mpaka ziwake. Gari lililowaka likipanda mlima bila harufu yoyote ya petroli kabla yake, mimi huanza na oili.

Afrika Kusini walijifunza hili kwa uchungu na Ford Kuga ya lita 1.6. Januari 2017 yalirejeshwa magari 4,556 baada ya moto mwingi, na maelezo yaliyotolewa yalikuwa mnyororo: maji ya kupoza hayazunguki inavyotakiwa, injini inapata joto kupita kiasi, silinda hedi, sehemu ya juu ya injini, inapata ufa, oili inavuja kwenye chuma cha moto, gari linawaka. Fikiria umetumwa kwenye gari kama hilo nawe ni mtu wa nyaya. Utazikuta nyaya zimeungua, maana zinaungua kila mara, na utarudi ofisini na "shoti" yako. Swali ambalo lingekufikisha lilikuwa la kawaida kabisa kwa dereva: je, taa ya joto iliwaka? Ulikuwa unaongeza maji mara ngapi kwa wiki? BMW nao, Korea Kusini mwaka 2018, chanzo kilikuwa kipoza moshi unaorudishwa kwenye injini za dizeli: kulanti, yaani maji ya kupoza, ilivuja, ikachanganyika na masizi, ikawaka. Nacho ni kitu cha maji. Serikali ilifika mahali pa kuzuia magari yasiyokaguliwa yasitembee barabarani.

Halafu muulize mwenye gari swali ambalo kwetu lina uzito kuliko kwingine kote: nani aliligusa mwisho, na aligusa nini? Nimekuta fyuzi iliyofungwa karatasi ing'aayo ya pakiti ya sigara, alamu iliyounganishwa kwa tepu nyeusi, amplifaya ya muziki inayochota moja kwa moja kwenye betri, tambara la fundi limesahaulika juu ya eksozi. Kwa magari yetu mengi hapo ndipo safari inapoishia, na hakuna kiwanda cha kulaumiwa.

Ila msikimbilie kumtwisha fundi. Uingereza, Vauxhall Zafira B zilikuwa zinaungua kutokea kwenye mfumo wa feni ya joto, na mwanzo kampuni ilinyooshea kidole matengenezo yasiyofaa ya fyuzi ya joto. Zaidi ya magari 220,000 yakaitwa kuanzia mwisho wa 2015. Yakarekebishwa, na mengine yakaungua tena baada ya kurekebishwa! Mwaka uliofuata ukatoka wito wa pili, safari hii ukihusu mota yenyewe ya feni iliyokuwa inapata kutu na kukwama. Kamati ya Bunge la Uingereza ikawaita wakuu wa kampuni kujieleza. Kwa hiyo mimi nikikuta kazi mbovu ya fundi, naiandika, kisha najiuliza kwa nini kuna mtu alihitaji kukigusa kifaa hicho kwanza. Fyuzi inayokatika mara tano haikatiki kwa ukorofi.

Kuhusu rikoli zenyewe. Marekani, mamlaka yao ya usalama barabarani, NHTSA, inapokea malalamiko ya mtu yeyote na kuyaweka hadharani bila jina lake. Yakifanana ya kutosha, wanafungua uchunguzi wa awali, kisha uchambuzi wa kihandisi. Kampuni ikishaamua kwamba kuna ubovu wa usalama ina siku 5 za kazi kutoa taarifa rasmi, na wenye magari huandikiwa barua ndani ya siku 60. Soma barua za moto kwa makini kuona kama zinasema egesha nje. Hyundai na Kia waliposema hivyo Septemba 2023, kwa magari karibu milioni 3.4, maana yake ni kwamba moduli ya ABS, kifaa kinachozuia tairi zisijifunge breki ikikanyagwa, inaweza kuwaka moto hata gari likiwa limezimwa. Ni jirani kabisa wa suichi ya Ford: mafuta ya breki na umeme visivyotakiwa kukutana.

Lakini barua hiyo inakwenda kwa mwenye gari anayejulikana kule. Gari likishavuka bahari barua inabaki huko. Ndugu zetu walioko Oman na Ghuba wanaonunua magari yaliyotoka minada ya Marekani wana nafuu, wana namba ya tarakimu na herufi 17, wataiingiza kwenye tovuti na jibu litatoka. Sisi wengi wetu tunaendesha magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, yenye namba fupi ya chesisi, mfano inayoanza na NZE121 halafu kistari na tarakimu. Ukiitafuta kwenye tovuti ya Wamarekani utaambiwa haipo, na nimeona ripoti iliyoandika kwa kujiamini kabisa: "gari halina rikoli". Rikoli za magari hayo zinasajiliwa kwa wizara ya uchukuzi ya Japani, na watengenezaji wana kurasa za Kijapani za kutafuta kwa namba ya chesisi. Fungua, tafsiri kwa simu, piga picha ya jibu, ambatanisha. Dakika kumi.

Wapo pia wanaochoma magari yao wenyewe ili walipwe. Gari la namna hiyo mara nyingi huungua likiwa limeshavuliwa: redio haipo, tairi ya akiba haipo, betri ni ya zamani kuliko risiti. Hesabu vitu kabla hujahesabu hasara. Na mpe mtu heshima yake mpaka hesabu ikatae.

Kabla ya kuingiza kichwa: toa betri au hakikisha imekatwa, kaa mbali na shokapu za gesi za boneti na mlango wa nyuma, kwani zilizopata moto zinaweza kufyatuka kama risasi. Kama ni haibridi, gari la injini na umeme pamoja, na nyaya nene za rangi ya chungwa zinaonekana, usiguse hadi aliyesomea awe amekata.

Sasa picha. Piga kabla ya gari la kuvuta kufika. Pande nne, kisha chini, kisha karibu, na chochote utakachokiondoa kipigwe kikiwa bado mahali pake. Zuia mabaki yasiuzwe, hata kwa barua ya kuomba tu.

Nasema hivi kwa sababu ya gari moja dogo nililolikagua miaka minne iliyopita. Lilikuwa limeegeshwa, limezimwa, na moto ulianzia kona ya kushoto ya injini. Palikuwa na kibano cha plastiki kilichoyeyuka juu ya waya wa alteneta, nikakitaja kwa sentensi moja. Mwenye gari alikuwa na haraka, nami nikasaini. Alhamisi likaenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Jumatatu mwenzangu wa Mombasa akanipigia, ana gari la modeli ile ile, kona ile ile. Akauliza kama ninayo picha ya kibano kutokea upande wa betri. Nilifungua faili. Nina picha kumi na nne, na katika ile pekee ya upande huo, kibano kimefunikwa na kivuli changu.