Maswali yenu kuhusu filamu za kale zinazooza: hela itoke wapi?

Maswali kuhusu pesa za kuokoa filamu za zamani yamekuwa mengi, nimechagua haya machache, mengine yanafanana nimeyaunganisha.

Hizi muvi za zamani si ziko mtandaoni tayari? Kwa nini mtu atoe pesa kukarabati kitu ninachoweza kukiangalia bure leo usiku?

Unachokiangalia mara nyingi ni kopi ya kopi ya kopi, mtu aliirekodi kwenye kanda kutoka kwenye tivii, akaja mwingine akaihamishia kwenye kompyuta, pembeni picha imekatwa, giza lote limekuwa tope na sauti inakwaruza. Filamu yenyewe, ile negativi iliyopita ndani ya kamera siku ile, iko stoo mahali fulani inaoza. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950 filamu nyingi za kumbi za sinema zilikuwa za plastiki ya nitrati, na nitrati ni hatari, ikishika moto inajitengenezea oksijeni yenyewe kwa hiyo hata ukiitosa ndani ya maji inaendelea kuwaka. Ikaja plastiki nyingine, asetati, hii haiwaki hovyo, ila ikikaa kwenye joto na unyevu inaanza kutoa asidi, inanuka siki, inasinyaa, inajikunja, na ikishaanza hairudi nyuma. Zile za rangi ndo zinapauka mpaka kila kitu kinabaki chekunduchekundu.

Mwaka 2013 maktaba kuu ya Marekani, Library of Congress, ilitoa utafiti kuhusu filamu ndefu za kimya za nchi hiyo, karibu 11,000 zilizowahi kutengenezwa, na zilizobaki kamili katika umbo lake la asili la 35mm, yaani utepe wa upana wa milimita 35, ni kama 14% tu. Kumi na nne! Hizo nyingine nyingi hata kopi mbovu ya mtandaoni hazina.

Nasikia filamu moja tu inaweza kula mamia ya maelfu ya dola. Zinaenda wapi wakati ni kuskani tu?

Kuskani ni kipande kidogo cha kazi, ndugu yangu. Kwanza kuna kutafuta. Lazima ujue negativi iko wapi, kopi gani duniani ndo nzuri kuliko zote, nani ana kipande ambacho wengine hawana. Filamu ya kimya ya Kijerumani, Metropolis, ya mwaka 1927 ilikatwakatwa muda mfupi baada ya kutoka, watu wakaamini vile vipande vimepotea moja kwa moja, mpaka mwaka 2008 kopi karibu kamili ikaonekana kwenye jumba la makumbusho ya sinema Buenos Aires, imechakaa imejaa mikwaruzo, lakini ipo. Utafutaji wa namna hiyo ni mishahara ya watu na miaka ya barua, na karibu hakuna mfadhili anayependa kulipia barua.

Halafu mikono. Mtu anakaa mezani na rili, anaifungua taratibu, anatengeneza matundu ya pembeni yaliyochanika, anabadilisha viungio vilivyoachia, anaiosha. Negativi za Pather Panchali, filamu ya Satyajit Ray wa India, na zile filamu mbili zinazoifuata ziliungua kwenye moto wa maabara moja London mwaka 1993. Watu wa hifadhi ya filamu ya Academy, wale wa tuzo za Oscar, hawakuzitupa, walizitunza hivyohivyo zimeungua, na miaka ishirini baadaye mafundi wa Bologna, Italia wakakaa nazo karibu saa elfu moja za kazi ya mikono kabla hata skana haijawashwa. Filamu ikaonyeshwa tena mwaka 2015. Mimi nikifikiria zile saa elfu moja, halafu mtu aniambie hela zinaliwa, nakosa hata pa kuanzia.

Baada ya hapo ndo hesabu za kompyuta zinaanza. Filamu ya dakika 90 ina fremu 24 kila sekunde, jumla 129,600, na fremu moja, yaani picha moja, ikiskaniwa kwa 4K, ubora wa juu sana, inaweza kufika megabaiti 50, kwa hiyo una zaidi ya terabaiti sita hapo hata sauti hujagusa. Kila fremu inapitiwa, vumbi, mikwaruzo, kuchezacheza kwa picha, kisha rangi, kisha sauti, kisha mafaili hayo yote yatunzwe na kuhamishwa kila teknolojia inapobadilika. Hilo la mwisho halina mwisho, na kwenye bajeti nyingi halimo kabisa.

Kwa nini kampuni zilizotengeneza hizo filamu zisilipe zenyewe?

Zinalipa, kwa zile zinazorudisha hela. Universal ilitumia zaidi ya dola milioni moja kuirudisha filamu ya Hitchcock, Vertigo, ikatoka upya mwaka 1996, na sawa, ile ni mali inayouzika. Tatizo ni filamu yatima, kampuni ilishakufa, au nchi haina maabara, au ni filamu za habari za wiki na filamu za familia ambazo hakuna atakayenunua tiketi kuziangalia. Ndo maana Marekani bunge lilianzisha mfuko maalumu mwaka 1996, National Film Preservation Foundation, kwa ajili ya hizi ambazo soko halizitaki. Na mwongozaji Martin Scorsese na wenzake walianzisha The Film Foundation mwaka 1990, hadi leo imeshasaidia filamu zaidi ya 1,000, na tawi lake la sinema za dunia lililoanza 2007 ndo lililoirudisha Touki Bouki ya Senegal ya mwaka 1973. Mwaka 2017 wakaongeza mpango wa filamu za Afrika pamoja na UNESCO na FEPACI, yaani shirikisho la watengeneza filamu wa Afrika, lengo la kwanza likiwa filamu 50. Nazipenda sana kazi hizi. Ila pima mwenyewe, hamsini, bara zima.

Kuna pia hela za makampuni ya mitindo, Gucci walichangia ukarabati wa filamu ya Kiitaliano La Dolce Vita. Wengine wanaona vibaya, mimi sioni, hela ikiokoa filamu imeokoa. Ninacholalamikia ni kwamba hela ya matangazo inafuata jina ambalo tayari kila mtu analijua, na filamu yenye jina kubwa ingepata mfadhili tu hata bila wao.

Mwenye hakimiliki ya filamu asipojulikana?

Hapo mambo hukwama miaka na miaka. Wafadhili wengi hawatoi hata senti mpaka haki ziwe wazi, kwa hiyo sehemu ya mchango wako itaenda kwa mwanasheria, usikasirike.

Sisi wa hela ndogo tunaweza kufanya nini cha maana?

Mwaka 1976 wafugaji laki tano wa Gujarat, India walichanga rupia mbili mbili, filamu ya Manthan ikatengenezwa kwa hela yao. Mwaka 2024 ikaonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, imekarabatiwa na Film Heritage Foundation ya Mumbai. Kwa hiyo usiniambie hela ndogo haifanyi kitu. Uingereza nako BFI, taasisi ya filamu ya huko, waliomba wananchi wachangie filamu tisa za kimya za Hitchcock, wakachanga, zikaonyeshwa 2012. Za kimya alitengeneza kumi, ya kumi haijulikani ilipo.

Ila nikuambie ninachokiamini kabisa. Ukiwa na hela kidogo na hifadhi inakuuliza iende wapi, sema stoo. Stoo ya baridi, kavu, yenye mtu anayefungua makopo na kunusa. Filamu moja ikikarabatiwa ni sherehe, zulia jekundu na picha, lakini huku nyuma elfu zinaendelea kunuka siki, na baridi ndo kitu pekee kinachozinunulia muda wote kwa pamoja. Culpeper, Virginia kuna handaki lililochimbwa wakati wa Vita Baridi ili benki kuu ya Marekani ifiche noti zake, leo limejaa filamu, kwa sababu taasisi ya familia ya Packard ilitoa zaidi ya dola milioni 150 pakageuzwa hifadhi na kukabidhiwa ile Library of Congress mwaka 2007. Hakuna mwigizaji anayepigwa picha mlangoni pale, na nadhani ndo mchango mkubwa kuliko yote niliyoitaja hapa.

AI si itamaliza hii kazi kwa bei rahisi?

Kufuta vumbi, inasaidia na tayari inatumika. Kuchora sura upya mahali picha imeoza, hapana, hapo umetengeneza kitu kipya ukakipa jina la zamani. Na haiwezi kuskani rili iliyogandana.

Marehemu babu ameacha makopo ya filamu, yananuka siki kali. Nani atanilipia?

Pole sana, na usiyatupe. Yatenge na mengine kwa sababu ule mvuke unaambukiza, yaweke sehemu ya baridi na kavu kuliko zote uliyonayo, usijaribu kuyapitisha kwenye projekta hata mara moja, itachana. Andika kila kilichoandikwa kwenye kopo, jina, mwaka, hata namba usiyoielewa. Ukihisi ni nitrati, yaani ni ya 35mm ya kabla ya miaka ya 1950 na imeanza kunata au kugeuka unga wa kahawia, usiihifadhi ndani ya nyumba, ipigie simu hifadhi ya filamu leo. Hifadhi za filamu duniani zina shirikisho lao, FIAF, tangu 1938, angalia mwanachama aliye karibu na wewe. Wengi watakubali kupokea na kutunza bila kukudai, wakati mwingine wewe ukabaki na haki zako, lakini soma mkataba kabla ya kusaini na uulize kwa maandishi kama utapewa kopi. Hela ya ukarabati inaweza kuja baadaye, hata miaka kumi, kama makopo yako kwenye baridi.