Wayahudi wanamsubiri Masihi yupi, na watamtambuaje?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mwalimu. Katika kikundi chetu cha kujifunza Biblia tumefika Isaya 11 na ubishi umezuka. Wayahudi wanasoma manabii hawa hawa tunaowasoma sisi. Inakuwaje hawamwoni Yesu humo? Huyo wanayemsubiri ni nani, watamtambuaje, na ni kweli kwamba marabi wao wameshapiga hesabu ya mwaka atakaokuja?

JIBU: Amina, mpendwa. Najibu nikiwa Mkristo ninayemkiri Yesu kuwa ndiye Kristo, lakini imani ya Myahudi nitaieleza jinsi yeye mwenyewe anavyoieleza. Kumsingizia jirani maneno ambayo hajayasema ni kumshuhudia uongo, na mimbarani kwetu kosa hili linafanyika sana.

Tuanze na neno lenyewe. Masihi, kwa Kiebrania mashiakh, ni mtu aliyepakwa mafuta. Aliyepakwa mafuta alikuwa anawekwa kazini, awe kuhani au mfalme. Ndiyo maana Daudi anamwita Sauli "masihi wa Bwana" wakati ule ule Sauli anamwinda ili amuue, na katika Isaya 45 jina hilo anapewa hata Koreshi, mfalme wa Uajemi ambaye hakumjua Mungu wa Israeli. Kwa hiyo Myahudi akisikia "Masihi", anamfikiria mfalme: binadamu, mzao wa Daudi, mwenye nchi na watu wa kutawala. Hamfikirii Mungu aliyetwaa mwili. Wala hamsubiri kwa ajili ya kusamehewa dhambi, kwa sababu dhambi ina njia yake kwake: kutubu, kumrudishia haki yake yule uliyemdhulumu, na mfungo wa Yom Kippur, yaani Siku ya Upatanisho, kila mwaka. Mazungumzo yetu nao hukwama hapa mara nyingi, kwa kuwa sisi tunamletea dawa ya ugonjwa ambao yeye hakuulalamikia.

Watamtambuaje? Katika hili aliyeandika kwa uwazi kuliko wote ni Musa bin Maimun, ambaye Wayahudi humwita Rambam. Alizaliwa Córdoba, Hispania, akafariki Misri mwaka 1204. Alikuwa daktari na mwanasheria wa Torati, na kitabu chake kikubwa cha sheria, Mishneh Torah, kinamalizikia na Sheria za Wafalme. Masihi yumo katika sura mbili za mwisho, ya 11 na ya 12. Angalieni alivyompanga: katika sheria, pamoja na wafalme na vita, kana kwamba anaandika utaratibu wa kumthibitisha mtu kwenye cheo.

Utaratibu wenyewe una ngazi mbili. Akitokea mfalme wa nyumba ya Daudi, anayejifunza Torati na kuzishika amri kama Daudi baba yake, akawaongoza Israeli wote waifuate na kuziba mahali palipobomoka, akapigana vita vya Bwana, huyo anadhaniwa kuwa Masihi. Anadhaniwa tu. Akifanikiwa, akalijenga Hekalu mahali pake na kuwakusanya waliotawanyika wa Israeli, hapo ndipo anakuwa Masihi kwa hakika. Asipofanikiwa, au akiuawa, inajulikana kwamba siye aliyeahidiwa, hata kama alikuwa mfalme mwema.

Rambam anaongeza jambo ambalo Wakristo wengi hushangaa kulisikia: Masihi hahitaji kufanya ishara wala miujiza. Ushahidi wake ni Bar Kokhba, aliyeongoza uasi dhidi ya Warumi mwaka 132. Rabi Akiva, mmoja wa walimu wakubwa kabisa wa Talmudi, ule mkusanyiko wa mafundisho na mijadala ya marabi, alimtangaza kuwa ndiye Mfalme Masihi, na hakumdai muujiza hata mmoja. Mji wa Betar ulipoanguka mwaka 135 na Bar Kokhba akauawa, basi, ilijulikana kwamba siye. Hakuna aliyemtenga Akiva kwa kosa hilo. Hadi leo anaheshimiwa kama shahidi wa imani.

Sasa, mpendwa, tumia kipimo hicho hicho uone kwa nini Myahudi anatujibu anavyotujibu. Ukimweleza kwamba Yesu alifufua wafu, hakujibu kwa kukataa tu, anauliza matokeo. Hekalu lilikuwa limesimama siku za Yesu, na mwaka 70 Warumi wakalichoma. Waliotawanyika hawakukusanywa, walitawanyika zaidi. Mataifa hayajafua panga zao kuwa majembe kama Isaya 2 inavyosema. Sisi tunasema mateso kwanza, utukufu baadaye, na yaliyobaki atayatimiza atakaporudi. Mimi naamini hivyo kwa moyo wote. Lakini tukubali kwamba huko kuja mara mbili tunakusoma katika manabii kwa mwanga wa ufufuo, na asiyeupokea ufufuo hana sababu ya kukusoma humo. Tofauti yetu imekaa hapo, haiko kwenye upofu wala ukaidi.

Mtu wa kikundi chenu pengine atataja Isaya 53, akidai kwamba marabi wameificha. Hawajaificha. Rashi, mfafanuzi wa Troyes nchini Ufaransa aliyefariki mwaka 1105, anamfafanua mtumishi yule anayeteswa kuwa ni taifa la Israeli, kwa kuwa sura za karibu zinamwita Israeli mtumishi wa Mungu kwa jina kabisa. Na Talmudi yenyewe, katika kitabu chake cha Sanhedrin, ukurasa wa 98, ina walimu waliouelekeza mstari wa nne kwa Masihi. Kwao si aibu maelezo mawili kukaa ukurasa mmoja.

Ukurasa huo wa Sanhedrin una habari inayostahili kusomwa polepole. Rabi Yehoshua ben Levi anamuuliza nabii Eliya, Masihi atakuja lini? Eliya anamwambia, nenda kamuulize mwenyewe. Amekaa kwenye lango la mji wa Roma, katikati ya maskini wenye magonjwa. Nitamjuaje? Wenzake wote wanafungua vitambaa vya vidonda vyao kwa mara moja, wanavifunga kwa mara moja. Yeye anafungua kimoja, anakifunga, ndipo anafungua kingine, akisema: pengine nitaitwa sasa hivi, nisije nikachelewa. Rabi anamuuliza, bwana wangu, unakuja lini? "Leo." Siku ikapita. Rabi akamlalamikia Eliya kwamba amedanganywa, Eliya akamkumbusha Zaburi 95: leo, kama mtaisikia sauti yake.

Katika Sukkah 52, kitabu kingine cha Talmudi, kuna pia Masihi wa pili, mwana wa Yusufu, anayeuawa kabla ya mwana wa Daudi kumiliki. Rambam hamtaji katika zile sura mbili. Msijenge hoja nzito juu yake.

Kuhusu hesabu ya mwaka, jibu ni kwamba wapo waliohesabu, na walimu wao waliwakemea vikali. Sanhedrin 97 inasema mifupa ya wapiga hesabu za mwisho na ioze, kwa sababu mwaka wao ukipita bila Masihi kuja, watu husema basi haji tena. Humo humo Rav anasema tarehe zote zimekwisha kupita, na sasa jambo linategemea toba na matendo mema. Yapo mapokeo kwamba dunia itadumu miaka 6000, na kwa kalenda ya Kiyahudi mwaka wa 6000 utaanza mwaka wetu wa 2239. Pengine hicho ndicho mlichosikia. Hayo ni mapokeo, si kanuni ya imani.

Madhara ya kuwa na haraka ya Masihi waliyaona mwaka 1665, Sabbatai Zevi wa Izmir alipojitangaza kuwa Masihi. Habari ilienea kutoka Yemen mpaka Ulaya. Mwanamke Myahudi wa Hamburg aitwaye Glückel aliandika kwamba baba mkwe wake alimtumia mapipa mawili makubwa yaliyojaa nguo za kitani, maharage, njegere, nyama kavu na matunda makavu, tayari kwa safari ya Nchi Takatifu. Mapipa yakakaa. Baada ya zaidi ya mwaka ikabidi yafunguliwe ili chakula kisioze na kuharibu nguo. Septemba 1666 Sabbatai alisimamishwa mbele ya Sultani, akasilimu.

Si Wayahudi wote wanaoshika maneno ya Rambam. Wayahudi wa Reform, tawi la wanamageuzi, katika tamko lao la Pittsburgh la mwaka 1885, waliacha kurudi katika nchi ya mababu na kujenga upya ibada ya dhabihu, wakatazamia zama za haki na amani kwa watu wote. Baadhi ya wafuasi wa Rabi Menachem Mendel Schneerson, kiongozi wa kundi la Chabad aliyefariki New York mwaka 1994, bado wanaamini ndiye Masihi, na Wayahudi wengine wanawapinga kwa kipimo kile kile cha aliyekufa kabla ya kumaliza kazi.

Ukitaka kuyajua matarajio ya Myahudi wa kawaida, usimtafute kwenye mijadala, msikilize akisali. Mara tatu kwa siku anasimama, miguu pamoja, uso kuelekea Yerusalemu, anasali Amida, sala yao kuu. Siku za kazi ina baraka 19. Ya 10 inaomba waliotawanyika wakusanywe, ya 14 Yerusalemu ijengwe, ya 15 chipukizi la Daudi lichipuke upesi, "kwa maana wokovu wako tunautarajia mchana kutwa". Sala hiyo inasaliwa hata kwa jirani zetu, Abayudaya wa Mbale, Uganda, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Na usiku wa Pasaka kikombe cha divai huwekwa mezani kwa ajili ya Eliya, mtangulizi wa Masihi katika Malaki, na mlango wa nyumba hufunguliwa.

Mkikutana tena, isomeni Isaya 11 yote. Sisi husimama kwenye mstari wa kwanza, chipukizi la Yese, tukashangilia. Myahudi anaendelea: mstari wa 4, maskini wahukumiwe kwa haki, wa 6, mbwa-mwitu na mwana-kondoo, ambao Rambam anawaeleza kuwa ni mfano wa Israeli kukaa salama na mataifa, wa 9, dunia kujaa kumjua Bwana, wa 11 na 12, waliotawanyika kurudishwa kutoka Ashuru, Misri, Kushi na visiwa vya bahari. Kwa kila mstari jiulizeni: limetimia, linatimia, au bado? Yaandikeni majibu yenu kabla ya kumhukumu mtu mwingine kwa majibu yake.