Udongo wa kinamasi na maji yenye risasi: namjibu kijana wa Geita

Kijana mmoja wa Geita ameniandikia: "Dada, nimesikia udongo mweusi wa kinamasi unanasa metali nzito. Nataka niujaze kwenye pipa, nichuje maji ya mwalo, pale tunapooshea mchanga wa dhahabu, niwauzie majirani." Nimefurahi kumpata mwenzangu, na nimeogopa vilevile. Namjibu hapa kwa sababu najua wenye wazo hili ni wengi.

Mimi nilianza na mafundi betri wa mtaa mmoja hapa Mwanza. Maji wanayooshea betri chakavu yana risasi, ile metali nzito ya ndani ya betri, na mfereji wao unaishia ziwani. Nilipeleka kwenye ofisi moja andiko la kuyasafisha kwa udongo wa kinamasi. Bwana aliyelipokea akaniuliza mbele ya wenzake, "Mama, tope limeanza lini kusafisha maji?" Wakacheka. Inaniuma mpaka leo.

Nikaenda kwenye bonde la mpunga. Mkulima alikuwa anazibua mtaro, pembeni kuna lundo la udongo mweusi uliojaa mizizi ya mafunjo iliyooza nusunusu. Akanipa bure. Nikauchanganya na mchanga wa chenga, kwa kuwa peke yake unavimba na kuziba pipa. Majibu ya maabara yalipotoka, risasi ilikuwa imeshuka kiasi kwamba mpimaji aliomba sampuli nyingine ahakikishe. Karatasi ile nimeitundika ukutani, na kila mgeni wangu anaisoma.

Siri yake iko kwenye kuoza. Majani na mizizi ikikaa kwenye maji yasiyo na hewa haimaliziki, inaacha asidi za humiki. Asidi hizo zina haidrojeni. Risasi ikipita, haidrojeni inaachiwa na risasi inashikwa. Risasi na shaba hushikwa kwa nguvu kuliko zinki. Ila maji ya betri yana asidi ya salfa, na pH, yaani kipimo cha asidi ambacho hushuka asidi inapozidi, ikiwa chini ya 3 udongo unaachia ulichoshika. Kwa hiyo mimi hutanguliza chokaa mpaka pH ifike kati ya 4 na 6. Usizidishe: ikipita 8 na ushee udongo wenyewe unaanza kuyeyuka, maji yanatoka na rangi ya chai.

Sasa wewe, mdogo wangu. Maji hayo usimuuzie mtu. Shirika la Afya Duniani linataka risasi kwenye maji ya kunywa isizidi miligramu 0.01 kwa lita, na zebaki isizidi 0.006. Pipa langu linapunguza sumu kwenye maji machafu kabla hayajamwagwa, basi. Halafu kwenu shida ni zebaki, ile ya kunasia dhahabu. Udongo huu unaishika ile iliyoyeyuka, lakini ukiuacha na unyevu, bakteria wa matope wanaigeuza kuwa zebaki ya methili, ile iliyoangamiza watu wa Minamata kule Japani kupitia samaki. Huku tunakula sangara, samaki anayekula samaki wenzake, na sumu hujilimbikiza kwake. Na kama maji yanatoka plenti, yaani mtambo unaotoa dhahabu kwa sianidi, usithubutu: udongo huu una asidi, na sianidi ikikutana na asidi hutoa gesi inayoua.

Vijana, tuache kukimbilia kuuza kabla ya kupima. Pimeni kwanza, pimeni tena, kisha ndipo mseme. Anayekucheka ofisini hawezi kubishana na karatasi ya maabara. Tena msivamie vinamasi vya ziwa kwa majembe. Mafunjo yale yanachuja maji yetu bila kulipwa, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ufukweni. Ombeni udongo wa mitaro ya mashamba.

Udongo uliokwisha kazi usiurudishe shambani wala kuuchoma. Wenye zebaki ukichomwa, mvuke wake unaingia mapafuni. Wangu nauhifadhi kwenye mapipa yenye vifuniko, juu ya sakafu ya saruji, mpaka achukue mwenye kibali cha taka hatarishi. Kabla hujanunua pipa hata moja, mdogo wangu, mtafute huyo mtu kwanza, mwulize anachukua kwa bei gani.